Kifuniko Kimoja kwa Ndoo

Boti ilikuwa imeshajitenga na gati nilipofika nikihema, mfuko begani na viatu mkononi. Mpwa wangu alichungulia kwenye dirisha la chumba cha usukani, akanitazama kama mzigo uliochelewa kupakiwa.

"Mjomba, ruka au baki. Mimi sirudi nyuma."

Nikaruka. Kuruka hakujawahi kunishinda. Nimerukia vyombo vya chuma, vya mbao, na kimoja cha mapipa yaliyofungwa kwa kamba. Kilichonishinda siku hiyo ni kutua. Sitaha ilikuwa imetoka kuoshwa wakati huohuo, povu limetanda kila mahali, basi miguu ikatangulia, mimi nikaifuata kwa makalio mpaka mlangoni pa jiko.

Mpishi alikuwa anamenya vitunguu. Mwanamke mnene, mtulivu, hakuinuka hata kidogo.

"Karibu mzee," akasema. "Wenzako huwa wanaingia kwa miguu."

Abiria wakaangua kicheko. Aliyekuja kuninyanyua alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono iliyochubuka na kupasukapasuka, kama mikono ya mtu aliyelima mawe. Huyu ndiye aliyeshika injini na ndiye aliyeosha boti. Jina alilopewa na mama yake sikulijua. Kila mtu alimwita Povu, naye aliitika kifua mbele.

"Samahani mzee wangu," akasema akinipangusa. "Lakini si umeona inavyong'aa?"

"Nimeiona kwa karibu sana," nikamjibu.

Nilikwenda nyuma ya boti kukamua suruali. Hapo nikaona matundu ya kutolea maji yanavyotema povu jeupe, na povu lile likitufuata majini mstari mrefu, kama utepe wa bibi harusi. Harufu yake ilichoma macho. Nilikuwa nimeiona mistari ya namna hiyo nyuma ya vyombo vingi, na siku zote nilidhani ni dalili ya mabaharia wasafi.

Boti ile iliitwa Bado Nipo. Aliyeipa jina ni dada yangu, aliyeinunua ikiwa imezama nusu na watu wakamcheka. Sasa dada ni marehemu, boti imebaki kwa binti yake wa pekee, na binti huyo ndiye aliyeniita. Mimi ni mtu wa kuhamahama, sikai mahali mpaka godoro likanizoea. Ila mtoto wa dada yako akikuambia njoo, unakwenda.

Nikapanda chumba cha usukani. Mpwa wangu alikuwa ameegemea usukani kwa kiuno, mikono amefumbata, kama mama yake kabisa.

"Umeniitia nini, mama?" nikamuuliza. Nimemwita mama tangu akiwa anatambaa, kwa sababu amechukua jina la mama yetu.

"Kuna mtu anataka kuinunua boti."

"Kuipeleka wapi?"

"Kuikata. Anataka injini na mabati. Ameshakuja kuipima kwa hatua, huku na huku, mimi nimesimama hapohapo namwangalia."

Akanieleza. Kituo cha mwisho cha safari kilikuwa kisiwani, na kisiwa kile kina ghuba ndogo iliyotulia kama maji ya mtungi, yenye gati zuri. Lakini ghuba ilifungwa kwa boti zote. Bado Nipo ililazimika kutia nanga nje kwenye mawimbi, abiria wakateremshwa kwa mtumbwi, wakafika pwani wamelowa mpaka mifukoni. Wazee walikwishakataa kupanda. Wajawazito pia. Waliobaki walikuwa vijana wasio na haraka na mizigo isiyolalamika. Hivyo boti haikulipa hata mafuta yake.

"Nikiruhusiwa kuingia ghubani, naiokoa," akasema. "Nisiporuhusiwa, kabla ya mvua kuanza nampa yule bwana aikate. Sina njia ya tatu, mjomba."

"Na anayekataza ni nani?"

"Utamwona kesho. Usimtanie."

*

Wote walimwita Mama Vizimba. Ghuba ilikuwa imejaa vizimba vyake na vya wenzake: nyavu kubwa zilizoning'inizwa majini kwenye maboya, na ndani yake maelfu ya vifaranga vya samaki. Zamani boti ziliingia. Siku moja boti fulani ikaoshea injini yake mle ndani, na wenye vizimba wakashinda wakizika samaki kwa toroli. Tangu siku hiyo wanakisiwa walimkabidhi mama yule mlango wa ghuba, naye akaufunga.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukataa tu bila kupima. Alikuwa na utaratibu wake. Ulimpelekea maji yaliyotoka kuosha boti yako. Yeye akayachanganya na maji ya ghuba kwenye beseni lake la bluu, akatia vifaranga wachache, kisha akakaa kwenye kigoda kando yake na kuanza kushona wavu uliochanika. Akimaliza kuziba tundu, anainua macho. Vifaranga wakiwa wanaogelea, karibu ghubani. Wakiwa wamelala ubavu, kwaheri.

Mpwa wangu alimpelekea ndoo ya maji ya Povu. Tulikwenda wote watatu kwa mtumbwi, Povu ameikumbatia ndoo yake kama zawadi.

Vifaranga hawakusubiri tundu lizibwe. Hawakusubiri hata uzi uingie kwenye sindano. Walizunguka mara moja, wakapinduka, matumbo juu.

Mama Vizimba alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ya mabua iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Aliiinua kidogo.

"Nahodha," akamwambia mpwa wangu, "boti yako ni safi sana. Mpaka inaua."

"Lakini mama," Povu akaingilia, "dawa hii ndiyo inayotumika hospitali."

"Basi wachukue hawa uwapeleke huko, labda watapona."

Povu akanywea. Mpwa wangu hakubisha wala hakubembeleza. Aliuliza tu: "Nikija na sabuni nyingine utanipima tena?"

"Njoo. Safari hiyo ingieni mpaka gatini, muoshe mbele ya macho yangu. Nataka kuona mkono unaoosha, si ndoo peke yake."

Tukarudi botini. Mpishi alipomletea Povu chakula, akala nusu. Ndipo nilipojua ameumia.

*

Mjini tulikwenda kwenye duka la vifaa vya vyombo, lile linalouza kamba, rangi, na maboya. Rafu nzima ya nyuma ilikuwa sabuni. Mwenye duka alitupokea kwa uchangamfu wa mtu ambaye hajauza kitu tangu asubuhi.

"Za kutunza mazingira? Ziko tele. Tazama, hii ina jani. Hii ina tone la maji. Hii ina samaki, na samaki mwenyewe anacheka."

Mpwa wangu alichukua ile yenye jani. "Hili jani limo ndani au limebandikwa nje tu?"

"Nje, nahodha. Lakini halibandikwi bure."

"Ndani mmetia nini?"

Mwenye duka akageuza chupa, akasoma, akageuza tena. "Hawajasema. Wamesema ina harufu ya milimani."

"Samaki wangu hawajawahi kufika milimani."

Basi ikawa hivyo chupa kwa chupa. Mpwa wangu alikuwa ameshamkalisha bwana samaki, yule afisa uvuvi wa wilaya, kwenye benchi la abiria safari nzima, akamkamua kila alichojua, na bwana samaki wa watu hakuwa mchoyo. Alimwambia aikimbie klorini, kwa sababu huua vidogo kabla ya vikubwa. Aikimbie fosfeti, kwa sababu hulisha magugu ya majini mpaka yakawabania samaki hewa. Manukato na rangi ni mbwembwe za kumfurahisha anayeosha. Na chupa isiyotaka kusema kilichomo, irudishe rafuni. Jambo la mwisho alilomwambia ni kwamba hata iliyo njema kuliko zote bado ni sabuni, itumike kidogo, kifuniko kimoja kwa ndoo, basi. Yote hayo mpwa wangu alitukariria mle dukani kwa sauti, mimi nikisikia na Povu akisikia. Povu alisikia hadi kwenye "njema kuliko zote", masikio yakachoka.

Chupa iliyoshinda ilikuwa mbaya kwa sura. Haikuwa na jani wala samaki, karatasi yake ya kijivu imejaa maandishi madogo yanayotaja kila kilichomo, mafuta ya mimea kwa wingi. Haikuwa na harufu. Haikuwa na rangi.

Povu aliitikisa, akaisogeza kwenye mwanga.

"Nahodha, hii imekufa. Haitoi povu."

"Hatununui povu."

"Sasa nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Utaangalia kama pamesafika."

Hakuridhika, nilimwona. Alisimama kati ya rafu zile kama mtu aliyekuja kuaga maiti. Tukachukua pia brashi ngumu, matambara ya kupangusia mafuta ya injini kabla ya kutia maji, kwa sababu sabuni haimalizi mafuta, inayatawanya tu yasionekane. Tukachukua soda ya kuokea kwa ajili ya jiko na masufuria. Tukachukua siki kwa ajili ya kutu na choo.

Mpishi alipoiona siki botini aliinyakua. "Hii ni ya kwangu. Choo chenu kitafutieni ya kwake."

Ikabidi zinunuliwe mbili, na kila moja ikafungwa kitambaa cha rangi yake, maana hakuna aliyetaka kukosea.

*

Siku ya kupimwa tuliingia ghubani polepole, injini ikinong'ona. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Bado Nipo ilifunga kamba kwenye gati la kisiwa kile. Abiria waliteremka kwa miguu mikavu. Bibi mmoja, aliyekubali kupanda baada ya kusikia tunaingia ghubani, alisimama gatini, akavitazama viatu vyake, akatugeukia. "Kumbe mnaweza kufanya hivi?" akasema, kana kwamba siku zote tulikuwa tunamkomoa.

Mpwa wangu akatengeneza kilemba chake. "Nakwenda kumwita Mama Vizimba," akasema. "Msianze mpaka tufike. Ameshasema anataka kuona mkono."

Mimi nikaenda mbele kukunja kamba. Mpishi akarudi jikoni. Povu akabaki na brashi, ndoo na ile chupa ya kijivu.

Sasa niwaeleze kidogo juu ya mtu huyu, msije mkamwona mjinga. Povu aliipenda boti ile kuliko wengine wanavyopenda nyumba zao. Dada yangu alimwokota akiwa hana kazi, akamwekea brashi mkononi, akamwambia: hii ni heshima yangu, usiiache ichafuke. Hajawahi kuiacha. Siku ile wazo lake lilikuwa moja tu, nahodha akirudi na mgeni wake aikute sitaha imeshang'aa, wasisubiri, na wale wa kisiwani wajue Bado Nipo ni boti ya watu gani. Akatia kifuniko kimoja kwenye ndoo. Akasugua. Povu hakuna. Akatia cha pili. Hakuna. Kwa akili zake, sabuni isiyotoa povu haijaamka, na hii si ni sabuni njema, sabuni ya samaki, itamdhuru nani? Akamimina. Akasugua, akamimina, mpaka mwishowe povu likaja. Hapo moyo wake ukatulia. Akaisafisha sitaha yote kwa furaha, na maji yakatoka kwenye matundu, yakaingia ghubani, mita chache kutoka kizimba cha mwisho.

Mpishi ndiye aliyeona. Alikuwa ametoka kukung'uta kitambaa.

"Povu," akaita taratibu. "Hebu njoo. Hawa samaki wana nini?"

Nami nikaja. Ukingoni mwa kizimba kile vifaranga walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo nje, wanahema. Kati yao na sisi utando mweupe ulikuwa unajivuta polepole.

Povu aliitazama chupa. Ilikuwa imebaki chini ya nusu. Sijawahi kuona mtu akipauka namna ile.

"Nimewaua," akasema.

"Bado," Mpishi akasema. "Lakini usikae hapo ukiwahesabia pumzi."

Kule juu nilimwona mpwa wangu anashuka njia peke yake, haraka. Mama Vizimba alikuwa nyuma, amesimama kwenye kibanda chake kuchukua kigoda na beseni. Mpwa wangu alifika gatini akatazama nyuso zetu, akatazama maji. Hakuhitaji maelezo.

"Nani mwingine ameona?"

"Sisi tu," Mpishi akajibu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, ni mtu aliyempenda: "Upepo unatoka nchi kavu, mwanangu. Tukifungua kamba sasa, utando unatufuata nje. Tutasema injini imesumbua. Kesho tunarudi, tunaosha vizuri, anapima. Boti inapona."

Ilikuwa kweli. Ingewezekana kabisa. Nimekaa kwenye bandari nyingi na nimewaona manahodha wakubwa, wenye vyeo mabegani, wakifungua kamba kwa jambo dogo kuliko lile. Nilimtazama mtoto wa dada yangu. Alishika ukingo wa boti, pale ambapo mama yake alizoea kushika, rangi imelika kwa viganja vyao wawili. Nikajua anamwona yule bwana wa mabati, akiipima kwa hatua, huku na huku.

Kisha akaachia. Akageuka akaanza kupanda njia aliyoshukia.

"Nahodha, unakwenda wapi?" Povu akauliza.

"Kumwambia. Akisubiri mpaka ajionee mwenyewe, watakuwa wamekwisha."

Sikusikia alichomwambia. Niliona kigoda kikianguka na Mama Vizimba akikimbia, kofia imebaki njiani. Hakutukana. Alianza kupiga amri tangu akiwa mbali: fungua boya lile, leta kamba, mtumbwi, mtumbwi, vuta kwenda mdomoni mwa ghuba kwenye maji mapya. Povu alikuwa ameshajitosa majini na nguo zake, anakisukuma kizimba kwa kifua. Mpwa wangu na mimi tulishika makasia. Mpishi na wanawake wa kisiwani walivuta kamba kutoka gatini, naye Mpishi, mtu asiyeinuka kwa mgeni, alivuta mpaka kilemba kikamdondoka. Kizimba kilikwenda pole, kizito, kama ng'ombe asiyetaka kutoka zizini. Lakini kilikwenda. Tulipokitia kwenye maji yanayotembea, vifaranga wakaanza kushuka chini mmoja mmoja, mpaka juu pakawa kimya.

Si wote. Mama Vizimba aliwaokota waliokufa akawatia kwenye pindo la kanga. Hakuwa na haraka. Kisha akatugeukia, tukiwa tumesimama gatini tunachuruzika maji.

"Nani aliyeosha?"

"Mimi, mama," Povu akasema. "Haikutoa povu, nikaongeza."

"Ulikuwa unalitakia nini hilo povu?"

Povu akafikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nijue kama inafanya kazi."

"Haya, jamani," Mpishi akasema akifunga kilemba. "Mimi nikipika kimya mnakula mnamaliza. Sabuni ikifanya kazi kimya mnaifanyia matanga."

Mtu mmoja pembeni akacheka, akajizuia. Mama Vizimba hakucheka. Alikuwa anamtazama mpwa wangu.

"Kila boti iliyowahi kuniulia samaki," akasema, "ilikuwa na mdomo wa kuniapia kwamba siyo yenyewe. Wewe ni wa kwanza kupanda kile kilima. Kwa nini?"

"Ni wako," mpwa wangu akasema. "Na walikuwa bado wanahema."

Mama yule akaenda mwenyewe kuiokota kofia yake na kigoda kule vilikoanguka, akakisimamisha kigoda gatini, akakaa.

"Nilisema nataka kuona mkono unaoosha. Bado sijauona. Leteni ndoo."

Povu alitaka kumpa mpwa wangu brashi. Mpwa wangu akaikataa. "Mkono ni wako," akamwambia.

Akaanza upya. Safari hii kwanza alipangusa mafuta yote ya mlango wa injini kwa matambara. Kisha akasugua sitaha kwa maji matupu na brashi, na nusu ya uchafu ikatoka kwa hilo tu, bila tone la sabuni, jambo lililomshangaza yeye kuliko sisi. Ndipo akatia kifuniko kimoja kwenye ndoo. Kimoja, akakifunga, akaiweka chupa mbali naye. Aliosha sehemu zenye uchafu tu. Mapovu yalikuwa machache kama mate ya mtoto. Na hakuyaacha maji yatoke kwenye matundu, aliyakausha kwa tambara akayakamulia ndooni, goti kwa goti, toka mbele hadi nyuma.

Mama Vizimba alichota kwenye ndoo ile, akachanganya na maji ya ghuba, akatia vifaranga. Kisha akachagua wavu wa kushona. Aliupitisha kwenye vidole akitafuta tundu, akaliruka dogo, akaliruka la wastani, akasimama kwenye lile kubwa kuliko yote, ambalo mbuzi angepita na pembe zake.

Tukakaa. Jua lilizunguka likatupata upande wa pili. Sindano iliingia ikatoka. Povu alichuchumaa kando ya beseni akawatazama wale samaki, na mimi nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa amesimama wima, hajaegemea kitu, nguo zinamkaukia mwilini. Nikawaza kwamba vyovyote atakavyosema mama huyu, nimeona nilichokuja kuona. Dada yangu aliacha boti, watu wakadhani ndiyo urithi. Urithi ni huyu, na kile kilima alichokipanda. 

Mwishowe Mama Vizimba alikata uzi kwa meno. Akainama juu ya beseni. Vifaranga walikuwa wanazunguka, wanagombania kivuli cha kofia yake.

"Funga kamba yako vizuri," akamwambia mpwa wangu. "Usiku huku maji hupanda."

Kwa maneno hayo alikuwa ameshasema karibu, wala hakulirudia. Alitoa masharti: maji ya kuoshea, hata yawe mema namna gani, yasimwagwe ghubani. Yabebwe kwenye madumu mpaka kwenye shimo la mchanga juu kule, mbali na maji na mbali na kisima, udongo uyachuje. "Na huyu," akamnyooshea Povu kidole, "atabaki hapa mpaka safari yenu ijayo, anisafishie vizimba kwa brashi na maji matupu."

"Nitakaa," Povu akasema kabla nahodha hajajibu. Akabeba ndoo yake kupanda kilima, anatembea taratibu asimwage hata tone, kama mtu aliyebeba kitu cha thamani.

*

Bado Nipo haikukatwa. Yule bwana wa mabati alikuja tena, akakuta abiria wamejaa mpaka kwenye ngazi, akanunua tiketi akapanda naye.

Mpwa wangu angali nahodha. Ameongeza boti ya pili, ndogo, iliyopakwa rangi ya kijani. Jina lake silisemi, ni langu mimi, na sikuombwa ruhusa.

Mpishi aliacha kazi ya majini magoti yalipoanza kumsumbua. Ana mgahawa mbele ya gati la kisiwani. Siki yake bado inafungwa kitambaa.

Mama Vizimba anaona kwa shida siku hizi. Binti yake anashona nyavu, yeye anakaa kando na kusikiliza samaki wanavyopiga maji kwenye beseni. Ghuba inapokea boti nyingi.

Kila boti inayoingia hukutana na Povu gatini. Ndiye aliyeajiriwa kusimamia uoshaji. Amevaa shingoni kifuniko cha ile chupa ya kijivu, kimetobolewa na kutiwa uzi, na ndicho anachopimia. Mikono yake imepona. Bado wanamwita Povu.

Bwana samaki alihamishwa wilaya nyingine. Mwenye duka la mjini ameiweka chupa ya kijivu kwenye rafu ya mbele, na amebandika jani.

Mimi nilikaa msimu mzima, godoro likaanza kunizoea, nikaondoka. Mpwa wangu alinipeleka mwenyewe mpaka bandari ya upande wa pili. Nimepata kibarua kwenye feri ya mto, kuosha.